Kicheko Kama Jando: Makuzi ya Mvulana katika Riwaya ya Spud ya John van de Ruit

Ikisiri

Makala hii inachambua nafasi ya ucheshi katika riwaya ya Spud iliyoandikwa na John van de Ruit wa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2005. Riwaya hiyo inasimulia mwaka mmoja wa maisha ya mvulana wa miaka 13 katika shule ya bweni ya wavulana. Hoja kuu ni kwamba kicheko katika riwaya hii si kikolezo cha simulizi, bali ndicho chombo chenyewe ambacho wavulana hutumia kufundana uanaume. Ili kuonesha hoja hiyo, makala inatumia mawazo ya Arnold van Gennep kuhusu hatua za mapito ya maisha pamoja na kanuni za utani zinazofahamika katika jamii za Afrika Mashariki. Uchambuzi unabainisha kwamba kicheko cha bwenini hufanana na utani kwa sura, lakini hutofautiana nao kwa haki: utani hutoka na kurudi, ilhali kicheko cha bwenini hushuka tu, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge. Riwaya inaufichua upungufu huo hasa pale kifo kinapoingia bwenini.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya makuzi ni utanzu unaofuatilia safari ya mhusika kutoka utotoni hadi kwenye mlango wa utu uzima. Katika fasihi ya Kiingereza, tawi moja la utanzu huu limejengwa juu ya mandhari ya shule za bweni za wavulana. Tom Brown's School Days ya Thomas Hughes, iliyochapishwa mwaka 1857 na kuwekewa mandhari ya shule ya Rugby, ndiyo iliyoutia tawi hilo nguvu. Riwaya za namna hiyo ziliichora shule kama tanuri la maadili: mvulana huingia akiwa dhaifu, huonewa, husimama imara, na hutoka akiwa mtu wa heshima. Baadaye walijitokeza waandishi waliotumia ucheshi kulipima dai hilo. Sue Townsend, kwa mfano, katika The Secret Diary of Adrian Mole, Aged 13¾ ya mwaka 1982, aliachana na shule ya kifahari na kumpa mvulana wa kawaida shajara ya kujichekesha bila yeye mwenyewe kujua.

Spud inasimama mahali ambapo mikondo hii miwili inakutana. Kutoka kwa mkondo wa kwanza imechukua bweni, viranja, fimbo, kwaya na kriketi. Kutoka kwa mkondo wa pili imechukua shajara na sauti ya kijana anayeona mengi kuliko anayoyaelewa. Hata hivyo, riwaya hii haikuandikwa Uingereza wala haihusu Uingereza. Mandhari yake ni jimbo la Natal nchini Afrika Kusini mwaka 1990, mwaka ambao utawala wa ubaguzi wa rangi ulianza kubomoka. Swali linaloongoza makala hii linatokana na hali hiyo: je, kicheko cha wavulana waliofungiwa ndani ya kuta za shule ya kifahari kinaficha ukatili wa shule na wa nchi, au kinaufichua?

2.0 Mwandishi na Riwaya Yake

John van de Ruit alizaliwa mwaka 1975 na alisoma katika shule ya Michaelhouse, shule ya bweni ya Kianglikana iliyoanzishwa mwaka 1896 na ambayo iko Balgowan, katika nyanda za kati za jimbo linaloitwa leo KwaZulu-Natal. Baadaye alisomea sanaa za maonesho katika Chuo Kikuu cha Natal, akawa mwigizaji na mwandishi wa tamthilia za kejeli kabla ya kuandika riwaya. Tajiriba hiyo ya jukwaani inaonekana wazi katika Spud: matukio mengi ni mafupi, yana maingilio na matokeo ya kighafla, na huishia kwenye neno linalochekesha. Riwaya ilifuatiwa na nyingine tatu zilizokamilisha miaka ya shule ya mhusika mkuu: mwaka 2007, 2009 na 2012. Filamu iliyotokana na riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 2010, na sehemu ya upigaji picha wake ilifanyika Michaelhouse.

Mhusika mkuu ni John Milton, mtoto pekee wa familia ya Kizungu isiyo tajiri kutoka Durban. Anaingia shuleni mwezi Januari 1990 kwa msaada wa ufadhili wa masomo. Anapangwa katika bweni pamoja na wavulana wengine saba, na kundi lao linapata sifa ya wendawazimu wanane. Robert Black, aitwaye Rambo, ndiye kiongozi asiyechaguliwa. Charlie Hooper, aitwaye Mad Dog, hana woga wala breki. Vern Blackadder, aitwaye Rain Man, huzungumza peke yake na kuishi katika ulimwengu wake. Henry Barker, aitwaye Gecko, ni mgonjwa wa kila wiki. Wengine ni Boggo, Fatty na Simon. Nje ya bweni yupo mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, Bwana Edly, ambaye wanafunzi humwita The Guv: mlevi, mwenye ndoa inayovunjika, na mwalimu bora kuliko wote.

3.0 Mkabala wa Uchambuzi

Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu mapito ya maisha, alionesha kwamba mila za kumvusha mtu kutoka rika moja hadi jingine huwa na hatua tatu: kutengwa, kukaa ukingoni, na kurudishwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo mengi ili kuielewa hoja hiyo, kwa kuwa jando linafuata mpangilio huohuo. Wari hutolewa nyumbani, hupelekwa kumbini mbali na mama zao, hupewa mafunzo, vitendawili, nyimbo na maumivu, kisha hurudishwa kwa shangwe wakiwa na hadhi mpya. Kumbini kuna kungwi. Kungwi ni mtu mzima aliyepita njia hiyo, anayewajibika kwa jamii kuhusu kila mwari aliyekabidhiwa.

Kanuni za utani nazo zina manufaa katika uchambuzi huu. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1940, alieleza utani kama uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine anatakiwa, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asikasirike. Wanajamii wa Afrika Mashariki wanaujua utani wa makabila, wa mabinamu, na wa mababu na wajukuu. Wanajua pia kwamba utani una sheria zake. Kwanza, ni wa pande mbili: aliyetaniwa leo hutania kesho. Pili, una wajibu: mtani anayekucheka ndiye anayefika msibani, akafanya kazi za mazishi na kuwachekesha wafiwa ili wasizame katika huzuni. Kicheko kisicho na sheria hizi mbili huitwa kwa jina jingine: dhihaka, au uonevu.

Mikabala hii miwili inaongoza maswali ya uchambuzi unaofuata. Je, bweni la Spud ni kumbi lenye kungwi au lisilo na kungwi? Na je, kicheko chake ni utani au ni dhihaka?

4.0 Uchambuzi

4.1 Lakabu kama Tohara

Jambo la kwanza linalompata John Milton ni kupoteza jina. Wenzake wanagundua, katika bafu la pamoja, kwamba bado hajabalehe, na lakabu ya Spud inatokana na ugunduzi huo. Lakabu hiyo inamnyang'anya jina alilopewa nyumbani na kulitangaza jambo ambalo angependa kulificha kuliko yote. Katika jando, mwili wa mwari huwekewa alama na ngariba. Hapa alama inawekwa kwa neno. Kwa sababu alama hiyo ni neno, haiponi: hutamkwa kila siku, na wakubwa kwa wadogo.

Hata hivyo, riwaya inaonesha pia upande wa pili. Kila mvulana bwenini ana lakabu, na asiye nayo hayupo. Rambo amepewa jina la shujaa wa filamu za miaka ya 1980, na Rain Man jina la filamu ya mwaka 1988. Gecko ni mjusi kafiri: kiumbe mdogo, mweupe, anayejibanza ukutani. Lakabu ni tusi, lakini ni kitambulisho cha uraia wa bweni. Hapa ndipo ucheshi wa riwaya unapopata uzito wake. Spud anachukia jina lake, lakini siku ambayo hakuna atakayemwita kwa jina hilo itakuwa siku ya kutengwa kwake. Anafundishwa mapema kwamba gharama ya kuwa na wenzako ni kukubali kuchekwa nao.

Kinaya kinakamilishwa na sauti yake. Mwili uleule unaochekwa kwa kuchelewa ndio unaompa sauti nyororo ya juu, na kwa sauti hiyo anang'ara katika uimbaji na kupewa nafasi ya Oliver katika mchezo wa kuigiza wa shule uliotokana na riwaya ya Charles Dickens. Kila siku inayomsogeza karibu na utu uzima anaoutamani inamsogeza pia karibu na kuipoteza sauti inayomfanya athaminiwe. Mwandishi hahubiri kuhusu jambo hili, analiacha lichekeshe. Lakini ndani yake mna ukweli wa makuzi yote: hakuna anayepata ukubwa bila kuacha kitu cha thamani nyuma yake.

4.2 Shajara na Umbali wa Kicheko

Usimulizi wa Spud ni wa nafsi ya kwanza kwa umbo la shajara. Umbo hili lina athari mbili. Athari ya kwanza ni ya wakati: mwandishi wa shajara hajui kesho. Riwaya nyingi za makuzi husimuliwa na mtu mzima anayekumbuka, ambaye tayari anajua maana ya kila jambo. Spud hana maana hizo. Anaandika kuhusu mchezo wa kriketi, msichana anayempenda, chakula kibaya na habari za taifa kwa uzito mmoja, wakati mwingine katika aya moja. Msomaji hucheka kwa sababu vitu visivyolingana vimewekwa sambamba.

Athari ya pili ni ya usiri. Mbele ya wenzake Spud hucheka pamoja nao hata anapoumia. Ndani ya shajara huandika kwamba aliogopa, alilia, au alitamani kurudi nyumbani. Kwa hiyo msomaji anapewa vicheko viwili: kile cha bwenini, kinachotolewa kwa ajili ya usalama, na kile cha shajara, kinachotolewa na mtu anayejitazama. Tofauti kati ya viwili hivi ndiyo kipimo cha kukua kwake. Mwanzoni shajara ni mahali pa kujificha. Kadiri mwaka unavyosonga inakuwa mahali pa kufikiri, na mvulana aliyechekwa anaanza kuwa mtu anayejua ni nini hasa kinachochekesha na ni nini kisichochekesha.

4.3 Viranja, Fimbo na Kungwi Asiye Rasmi

Shule ya bweni ya mtindo wa Kiingereza huendeshwa kwa ngazi. Mwalimu mlezi wa bweni huwa juu, viranja huwa chini yake, na wanafunzi wapya huwa chini kabisa wakiwatumikia wakubwa. Mwaka 1990 adhabu ya viboko ilikuwa halali katika shule za Afrika Kusini. Ilipigwa marufuku kwa Sheria ya Shule ya mwaka 1996, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la shule binafsi za Kikristo zilizotaka kuruhusiwa kuiendeleza. Katika Spud, wavulana wanaokamatwa wakitoroka usiku kwenda kuogelea huchapwa, na tukio hilo husimuliwa kwa ucheshi. Maumivu yanageuka kuwa hadithi, na hadithi inageuka kuwa heshima.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya kicheko, na ndipo ilipo hatari yake. Kicheko kinawawezesha wavulana kuyavumilia mamlaka wasiyoweza kuyapinga. Lakini kicheko hichohicho kinawazuia kuuliza kama mamlaka hayo ni ya haki. Aliyechapwa akacheka hawezi kesho kusema kwamba alionewa. Zaidi ya hayo, anayejifunza kucheka maumivu yake atacheka pia maumivu ya mwenzake. Rain Man, ambaye dalili za kuvurugika kwake kiakili ziko wazi kwa msomaji, ni chanzo cha kicheko bwenini kabla ya kuwa mtu wa kuhurumiwa. Hakuna mtu mzima anayelishughulikia tatizo lake kwa uzito unaostahili. Kumbi hili lina ngariba wengi, lakini kungwi ni adimu.

Anayeikaribia zaidi nafasi ya kungwi ni The Guv. Anamwalika Spud kwenye meza yake, anampa vitabu, anazungumza naye kama mtu mwenye akili. Kwamba mwalimu huyo mwenyewe ni mlevi aliyeachwa na mkewe ni chaguo la makusudi la mwandishi. Mtu mzima pekee anayemfundisha mvulana jinsi ya kuwa mtu ni yule ambaye maisha yake yameshindwa hadharani. Riwaya za zamani za shule zilimpa mvulana mwalimu mkuu aliye mfano wa maadili. Spud inampa mwalimu anayecheka udhaifu wake mwenyewe kwanza. Tofauti ni kubwa. Kicheko cha The Guv hakimshukii mnyonge. Kinaanza na anayecheka.

4.4 Mwaka 1990 Nje ya Ukuta

Mnamo tarehe 2 Februari 1990 Rais F. W. de Klerk alitangaza kuondolewa kwa marufuku dhidi ya chama cha ANC na vyama vingine, na tarehe 11 Februari Nelson Mandela alitoka gerezani baada ya miaka 27. Natal, hata hivyo, haikuwa na amani. Mapigano kati ya wafuasi wa Inkatha na wale wa UDF na ANC yalifikia kilele mwishoni mwa Machi katika kile kinachoitwa Vita vya Siku Saba, karibu na Pietermaritzburg. Hali ya hatari ilipoondolewa nchini mwezi Juni, Natal ndilo jimbo pekee lililobakizwa chini yake hadi Oktoba. Haya yalitokea katika jimbo lilelile zilimo shule za kifahari zenye viwanja vya kijani.

Riwaya haivipeleki vita hivyo bwenini. Inapitisha historia kwa mlango wa nyumbani. Baba yake Spud anaishi kwa hofu kwamba wakomunisti na Waafrika watakuja kuteka kila kitu, na hofu hiyo inamsukuma kwenye vituko visivyo na kikomo. Mtumishi wa ndani, Innocence, anauza pombe kwa siri katika chumba chake cha uani. Kwa kumfanya baba kuwa kichekesho, mwandishi anaugeuza mwelekeo wa dhihaka: mwenye mamlaka ya rangi ndiye anayechekwa. Hii ni tashtiti halisi. Hata hivyo, Innocence mwenyewe anaonekana tu kupitia macho ya familia ya mwajiri. Msomaji anajua anachowafanyia akina Milton, hajui anawafikiriaje. Pengo hilo ni la msimulizi wa miaka 13 aliyelelewa katika nyumba hiyo, lakini linabaki kuwa pengo, na usomaji makini haupaswi kulifunika kwa kicheko.

Shuleni, Spud anajiunga na mijadala ya masuala ya Afrika, ambako anakutana na Luthuli, mwanafunzi Mwafrika wa madarasa ya juu. Jina hilo linamkumbusha msomaji Albert Luthuli wa Natal, rais wa ANC aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Spud anaanza kujiona mpigania uhuru, na riwaya inamcheka kwa hilo: mvulana anayetaka kuikomboa nchi bado anawaogopa viranja. Lakini kicheko hiki ni cha upole, na kina maana. Mwandishi anaonesha kwamba mtoto wa Kizungu hakukua kisiasa kwa ghafla kwa sababu Mandela aliachiwa. Alianza kwa kusikiliza, kwa kukosea na kwa kuona aibu ya baba yake.

4.5 Kifo cha Gecko na Mwisho wa Kicheko

Gecko ni mhusika ambaye riwaya inamtumia kwa ucheshi kwa muda mrefu. Anaugua kila mara, anapatwa na kila ajali, na wagonjwa wa zahanati ya shule wamemzoea. Msomaji, kama wanabweni, anazoea kucheka mara tu jina lake linapotajwa. Wakati huohuo, urafiki wake na Spud unakua kimyakimya, mbali na kundi. Wawili hao wanazungumza bila kulazimika kuchekeshana.

Katika sehemu ya mwisho ya riwaya, Gecko anafariki kwa malaria iliyopanda kichwani. Pigo hili lina nguvu kwa sababu ya namna kicheko kilivyoandaliwa. Msomaji aliyecheka ugonjwa wa Gecko mara kumi anagundua kwamba alikuwa akicheka jambo ambalo lingemuua. Mwandishi hamlaumu msomaji. Anamwacha na kumbukumbu ya kicheko chake mwenyewe.

Kanuni za utani zinafafanua kwa nini bweni linakosa la kufanya. Katika jamii zenye utani, mtani anayo kazi msibani, na kicheko chake kina nafasi hata kando ya kaburi kwa sababu kilikuwa cha haki tangu mwanzo. Wavulana wa Spud walimcheka Gecko bila kuwa watani wake. Hawakuwahi kumpa zamu ya kuwacheka wao, wala hawakujifunga kwa wajibu wowote. Kifo kinapofika, kicheko chao hakina pa kwenda. Spud anabaki na huzuni isiyo na mila, na shajara ndiyo pekee inayoipokea. Katika lugha ya van Gennep, hapa ndipo anapovuka. Hakuvushwa na viboko, lakabu wala kuogelea usiku. Alivushwa na msiba wa rafiki ambaye hakuona haya kumpenda.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba ucheshi katika Spud una kazi tatu zinazoshindana. Unamwingiza mvulana katika kundi kwa kumjeruhi; unamlinda dhidi ya mamlaka huku ukimfunga mdomo; na, ndani ya shajara, unamfundisha kujitazama. Riwaya haiukatai ucheshi huo wala haiutukuzi. Inaufuatilia hadi pale unapofika mwisho wake, kisha inamwacha mhusika asimame bila wenyewe.

Swali la kuficha au kufichua linapata jibu lenye pande mbili. Kicheko cha wavulana kinaficha. Kicheko cha riwaya kinafichua, isipokuwa pale msimulizi mwenyewe haoni, kama ilivyo kwa Innocence. Jambo hili lina umuhimu nje ya Afrika Kusini. Shule za bweni za Afrika Mashariki nazo zimerithi viranja, lakabu na mapokezi ya wageni wa kidato cha kwanza, na uonevu ndani yake hutetewa mara nyingi kwa kauli kwamba ni utani wa vijana. Riwaya ya Spud, ikisomwa kwa kipimo cha utani wenyewe, inatoa namna rahisi ya kuichunguza kauli hiyo: je, anayechekwa anaweza kumcheka anayemcheka, na je, mchekaji atafika msibani? Pale ambapo jibu ni hapana, jina la utani linatumika mahali pasipo pake.